Upande wa Kushoto wa Meza

Wifi hakupiga hodi. Alitua furushi lake la mitumba mlangoni pa karakana, akasimama mikono kiunoni, akangoja atazamwe. Hakutazamwa. Fundi aliendelea kuinamia cherehani, turubai ya kijani ikipita chini ya sindano.

"Leo nimekuja na swali moja tu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kaka yangu, umeacha kunijua tangu lini?"

Fundi alisimamisha gurudumu. Aligeuza kichwa chote na mabega yake, kama mtu mwenye shingo ya mbao, mpaka akampata dada yake. "Umeingia saa ngapi?"

"Msikieni! Jana tumepishana pale kwenye mashine ya kusaga, bega kwa bega. Nikanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani kama nguo kwenye kamba. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, kaka yako amepata mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka, sasa sisi wengine ni vumbi."

Mgeni mwenyewe alikuwa pembeni, juu ya kigoda, daftari magotini, akitamani ardhi ipasuke. Alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa bidhaa, mwaka wa tatu, aliyekuja nchi jirani kujitolea kwa miezi miwili. Chuo chake kilikuwa kimeelewana na shirika moja linalosaidia wajasiriamali wadogo, na shirika likamleta kwenye nyumba hii, mume akishona mikoba na mke akiiuza. Kwa kuwa hakuonekana bila penseli sikioni, walimwita Penseli, naye akazoea kuitika.

"Wifi, kaa basi unywe chai," alisema mke wa Fundi, akitoka chumba cha ndani na zipu mkononi. "Kazi zimemzidi."

"Kazi haizibi mdomo. Hata anayechimba kaburi husema habari za asubuhi." Alibeba furushi lake. "Chai yenu mnywe na mgeni wenu."

Alipokwisha kwenda, mke alimgeukia mumewe. Yeye pia alimwita Fundi, kama mtaa mzima. "Fundi, mwenye duka amelalamika. Jirani amelalamika. Sasa damu yako. Kwa kiburi hiki, unataka tuzikwe na nani?"

"Nilikuwa na mawazo," Fundi alisema, akakanyaga cherehani.

Mawazo yenyewe yalijulikana. Taasisi moja ya afya ilitaka mikoba mia mbili ya wahudumu wanaotembelea wagonjwa majumbani. Mke ndiye aliyeifuata kazi hiyo, ofisi hadi ofisi, viatu vikiisha visigino. Mkataba ulikuwa karibu kusainiwa. Penseli alitakiwa kuubuni upya mkoba wenyewe: mifuko ya ndani ya dawa na kipimajoto, na mkanda usiokata bega.

*

Mwalimu wake chuoni aliwafundisha wasichore kitu chochote kabla hawajajua mikono inakwenda wapi. Kwa hiyo Penseli alichora karakana kwa juu, kana kwamba paa limeondolewa, akakaa siku tatu akitazama. Kila Fundi alipochukua kitu, alitia nukta. Mkasi, nukta. Chaki, nukta. Futi, nukta.

Siku ya tatu jioni aliitandaza karatasi. Kulia kwa Fundi nukta zilijaa kama pilipili manga. Kushoto hapakuwa na nukta hata moja, ingawa kopo la bobini, vile vigurudumu vya uzi wa cherehani, lilikuwa upande huohuo. Alipovitaka vitu vya kushoto, Fundi hakuvifuata moja kwa moja. Kiganja chake kilitambaa ukingoni mwa meza, polepole, kama cha mtu anayetafuta swichi gizani. Pale Penseli alikuwa amechora mistari badala ya nukta, bila kujua kwa nini.

Asubuhi yake mke alikwenda kuulizia vitambaa. Penseli alichukua kibunda cha uzi, akasimama kushoto kwa Fundi, hatua moja kutoka begani, akaunyoosha mkono. Akangoja. Fundi alishona pindo lote, akakata uzi, akageuza turubai, akaanza pindo la pili huku akiimba chini chini. Penseli akaushusha mkono.

"Baba," alisema.

Fundi aliruka. Sindano ikavunjika.

"Umekuja saa ngapi wewe?"

"Nipo hapa tangu pindo la kwanza."

Fundi alikiokota kipande cha sindano kwa ncha za vidole, akakiweka ndani ya kopo. "Funga mlango," alisema.

Alimweleza kwa maneno machache, kama mtu anayesoma risiti. Ilikuwa kama kutazama dunia kupitia bomba la maji. Mbele aliona vizuri, mshono aliuona, uso wa mtu aliuona. Pembeni hapakuwa na kitu. Kushoto ndiko kulikoanza, miaka mitatu sasa, na kulia kulikuwa kunafuata.

"Mama anajua?"

"Anajua nimekuwa mzembe na mwenye majivuno. Hayo anayajua vizuri."

"Na hospitali?"

"Nikaambiwe nini? Nikae chini nipumzike?" Alisogeza kiti. "Sikiliza, binti yangu. Mke wangu akienda kuninadi kwa watu, anasemaje?"

Penseli alikuwa amemsikia mara nyingi. *Mume wangu ana jicho la tai. Mshono wake haupindi hata umzimie taa.* Mke wa Fundi aliyasema vizuri kiasi kwamba hata wasiohitaji mkoba walisimama kusikiliza.

"Basi, mikoba mia mbili imekuja kwa jicho hilo. Usainiwe kwanza mkataba. Nishone, nikabidhi, halafu nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu. Nani atampa kipofu turubai akate? Niahidi."

Mtu wa umri wa baba yake alikuwa ameushika mkono wake kwa mikono yote miwili. Penseli aliahidi.

*

Alifanya alichokijua. Kwa seremala wa jirani aliomba mabaki ya mbao. Alipigilia ubao mwembamba ukingoni mwa meza, akaukata mapengo madogo kila shubiri moja, ili kidole kikipita kijue kimefika wapi. Kila kifaa akakipa shimo lake: mkasi hapa, chaki pale, bobini zimesimama safu. Kwenye cherehani alifunga kipande cha chuma, kitambaa kikawa kinapita kikiegemea bila kuyumba. Kwenye pembe za kila kipande cha turubai alikata alama ndogo ya kuhisiwa kwa kidole gumba.

Fundi aliyekuwa akimaliza mikoba minne kwa siku akafika sita. Aliacha kuangusha vikombe. Mkewe alipita akiipapasa meza kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nami nilidhani umekuja kutuchorea maua," alimwambia Penseli. "Kumbe una akili ya kuoleka."

Mratibu wa shirika alikuja na simu yake, akapiga picha pande zote. "Hiki ndicho tunachokitafuta!" alisema. "Tija kwa kupanga eneo la kazi! Hii meza itakwenda ukumbini siku ya maonyesho. Na meneja wa ununuzi wa ile taasisi ya afya atakuwepo. Mkataba anaweza kuusaini hapohapo."

Penseli alitabasamu kwenye picha. Mratibu alipoondoka, alitoka nje akatembea mpaka mwisho wa barabara, akarudi, akaenda tena. Kadiri meza ilivyokuwa nzuri, ndivyo ugonjwa ulivyopata pa kujificha. Sasa hata yeye, akikaa kwenye kigoda akamtazama Fundi, hakuona kasoro. Alikuwa ameufuta ushahidi kwa nyundo na misumari.

Alichonga penseli mpaka zikawa vipisi vya kushika kwa kucha. Kila asubuhi, mke akishatoka, alisema, "Baba, twende wiki hii, hata kupima tu." Kila asubuhi Fundi alikuwa na jibu: baada ya turubai kufika, baada ya sampuli kukubaliwa, baada ya maonyesho.

Mke aliona. Usiku mmoja wakiosha vyombo alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Penseli, una nini? Kama ni kijana wa huko kwenu, mwambie asubiri. Kama ni wa huku, nionyeshe nimkague."

"Nimekumbuka nyumbani tu, mama."

"Hilo umeniambia juzi, na juzi yake pia." Alimkabidhi sufuria aifute, asiulize zaidi.

*

Ukumbi ulikuwa na meza kumi na mbili, kila mjasiriamali na mwanafunzi wake. Meza ya Fundi ilifika juu ya mkokoteni, ikasimamishwa karibu na dirisha, na mikoba mitano ya kijani juu yake. Mke alivaa gauni lake la kuendea shughuli. Fundi alinyoa ndevu mara mbili.

Meneja wa ununuzi alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, gilasi ya juisi mkononi. Alimsikiliza Penseli akieleza mkoba, akafungua mifuko yote, akavuta mkanda kwa nguvu. Alionekana kuridhika.

"Na meza?" Mratibu alidakia. "Mweleze ulipataje wazo la kila kitu kushikika kwa kugusa tu."

"Niliangalia mikono," Penseli alisema. Masikio yalimwaka moto. "Inaokoa muda."

"Safi kabisa," alisema meneja. Alizunguka meza, akaja kushoto, akanyoosha mkono. "Fundi, hongera sana."

Fundi alikuwa akiwatabasamia watu waliokuwa mbele yake. Mkono wa meneja ulibaki palepale. Mtu mmoja akakohoa. Mke akamsukuma mumewe kwa kiwiko, na Fundi, kwa kushtuka, akageuka kwa haraka. Mkono wake ukaipiga gilasi. Juisi ikalishuka shati jeupe kutoka kifuani mpaka kwenye mkanda.

"Samahani, bosi! Sikukuona!"

"Hukuniona?" Meneja alirudi nyuma. "Nimesimama hapa kama nguzo ya umeme!"

Watu walicheka. Mke alikwishatoa kitambaa, akawa anafuta shati la mtu mzima kama anamfuta mtoto. "Msamehe, bosi wangu, nakuomba. Huyu mzee siku hizi ana majivuno, tangu apate mgeni hata dada yake wa tumbo moja hamsalimii. Fundi! Nimekuambia mara ngapi? Mara ngapi? Una macho ya nini kama huyatumii?"

Fundi aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Aliyapokea kama mtu aliyezoea mvua, na Penseli akaelewa kwamba angeyapokea hivyo mpaka mwisho, kwamba kuitwa mwenye kiburi kulikuwa nafuu kwake. Kidole chake kilikuwa kinatafuta pengo kwenye ukingo wa meza.

"Hana majivuno," Penseli alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Haoni. Kushoto haoni kabisa, na kulia kunakwenda."

Kicheko kilikatika. Wa kwanza kusema alikuwa meneja.

"Na mikoba yetu je?"

Mke alisimama na kitambaa kilicholowa. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Penseli.

"Wewe umejua lini?"

"Wiki ya pili."

"Leo ni wiki ya sita."

"Ndiyo, mama."

Mke alikikunja kitambaa mara mbili, akakitia mkobani, akatoka nje ya ukumbi akiwapita watu bila kuomba njia.

*

Walimkuta nyumbani amekaa kizingitini, ungo mapajani, akichagua mchele. Meza ilibaki juu ya mkokoteni barabarani.

"Miaka ishirini na moja nalala kushoto kwake," alisema, kana kwamba anaongea na mchele. "Mtoto wa watu anakuja na begi mgongoni, wiki mbili, anajua. Mimi sijui."

"Nilitaka mkataba kwanza—" Fundi alianza.

"Nyamaza na mkataba wako. Umeniacha nikutukane miaka mitatu mbele za watu. Siku uliyomwaga chai kwenye harusi ya mpwa wako, nilikuambia nini?"

Fundi alifikiri. "Uliniambia hata ng'ombe huona anapokanyaga."

"Na ulicheka!"

"Ningefanya nini?"

"Ungeniambia!" Punje zikaruka. Aliinua kichwa. "Na wewe, Penseli. Nilikuuliza una nini. Nilikuuliza mara tatu."

"Niliahidi, mama."

"Ukilala kwangu, ukila kwangu, siri ya nyumba yangu inakuwa yenu wawili? Haya, uliificha. Basi ungeniita pembeni unieleze mimi. Ulipoitoa ukaitolea ukumbini, mimi nimeshika kitambaa namfuta mtu tumbo."

Penseli alijua yote mawili ni kweli. Alikwenda kushusha meza. Ilimshinda peke yake, na Fundi akaja kushika upande wa pili.

*

Jumatatu walikwenda hospitali, mke mbele, Fundi katikati, Penseli nyuma na kadi za kliniki, kwa kuwa hakuna aliyemkataza. Daktari wa macho, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alimkalisha Fundi mbele ya mashine yenye umbo la bakuli, akampa kitufe abonyeze kila akiona nuru. Kwa muda mrefu kitufe hakikubonyezwa.

Kisha akawaonyesha karatasi. Sehemu nyeusi ndiyo asiyoiona. Upande mmoja ulikuwa mweusi wote, na mwingine umeanza kuliwa pembeni.

"Ni presha ya macho," alisema. "Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki tunaweza kukilinda. Matone asubuhi na jioni, maisha yake yote, na jicho la kulia tulifanyie upasuaji mdogo mwezi ujao."

"Anaweza kushona?" mke aliuliza.

"Akitumia dawa, pengine miaka mingi. Asipotumia, asishangae."

Penseli alishindwa kujizuia. "Daktari, wiki nne. Kama angekuja wiki nne zilizopita?"

Daktari alimtazama, akaelewa kwamba hilo swali halikuwa la mgonjwa. "Wiki nne si kitu. Miaka mitatu ndiyo."

Penseli alihisi nafuu, na papo hapo akaona aibu, kwa sababu hiyo miaka mitatu ilimwangukia mke wa Fundi. Mke alisimama, akatoka mpaka kwenye korido, akaegemea ukuta wenye tangazo la chanjo, akaufunika uso wake kwa viganja. Fundi alimfuata akipapasa ukuta. Walikaa huko mpaka muuguzi akaja kuwauliza kama bado wanaihitaji zamu yao.

*

Meneja alipiga simu Alhamisi. Mke aliipokea mbele ya wote. Taasisi itachukua mikoba hamsini tu, kwa majaribio, na kila mshono utakaguliwa.

"Bosi," mke alisema, "ninyi si ndio watu wa afya?"

Upande wa pili ulirudia: hamsini.

"Haya. Hamsini." Alikata simu, akatamka neno ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mgeni. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya cherehani. "Fundi, njoo unifundishe."

"Wewe? Ulisema cherehani ni ya watu wasio na maneno."

"Nimeishiwa maneno. Njoo."

Alikuwa mwanafunzi mgumu. Alivuta kitambaa badala ya kukiacha kiende, alikanyaga kama anaua mende, na alilaumu uzi, sindano na aliyevumbua zipu. Fundi alisimama nyuma yake, mikono juu ya mikono yake. Wifi alikuja, safari hii kimya, akapita mbele ya kaka yake, akalia kidogo, kisha akauliza kama kuna kazi ya kukata nyuzi. Akapewa.

Mke hakusema na Penseli. Walipokuwa chumba kimoja alimtumia ujumbe kupitia mumewe. "Mwambie mwanafunzi wako atie chaki." "Mwambie chakula kipo." Penseli alitia chaki, akakata turubai ya mikoba yote hamsini, akapata malengelenge, asiyaonyeshe.

Ripoti aliiandika mara mbili. Mratibu alimrudishia ya kwanza siku hiyohiyo. "Hii si ripoti ya mradi," alisema kwenye simu. "Ni habari za familia ya watu. Wafadhili wanataka kujua meza: muda uliookolewa, mikoba mingapi kwa siku. Hayo ya macho yatoe."

Zilibaki siku tatu kabla hajaondoka. Penseli alikwenda akasimama mbele ya cherehani, pale ambapo hangekosa kuonekana.

"Mama, niandike nini?"

Mke alikanyaga mpaka mwisho wa mshono. Penseli alidhani hatajibiwa.

"Andika meza ni nzuri," mke alisema. "Ni nzuri kweli, hata mimi naitumia. Halafu andika kwamba ilituchelewesha. Wasipotaka yote mawili, wasipewe hata moja."

Penseli aliandika yote mawili, akaituma ripoti, akazima simu.

Asubuhi ya kuondoka, gari la shirika lilipiga honi mapema kuliko walivyosema. Fundi alikwishatia matone. Alikuwa amekaa kichwa nyuma, macho yamefumbwa, machozi ya dawa yakimshuka masikioni. Aliushika mkono wa Penseli kwa muda mrefu, akamwombea safari njema, akamwagiza amsalimie baba yake ambaye hawakuwahi kuonana.

Mke alikuwa kwenye cherehani. Mkoba wa arobaini na tatu.

"Usininyanyue," alisema. "Niko katikati ya mshono."

Penseli alingoja mlangoni, begi mgongoni. Sindano ilifika mwisho. Mke alikata uzi, akampa mumewe kipande. Fundi, bila kufumbua macho, alipitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, akarudia tena katikati.

"Fumua."

"Hata leo? Mgeni anaondoka!"

"Mshono haujui mgeni. Fumua."

Mke alisonya kwa nguvu, akachukua wembe, akainamia turubai, akaanza kung'oa nyuzi moja moja. Nje dereva alipiga honi tena. Penseli alikuwa amekwisha kuweka mguu wa kwanza barabarani alipomsikia.

"Penseli."

"Naam, mama."

Mke hakuinua kichwa. "Ukifika, piga simu. Lakini upige kwangu. Si kwake."